Kitasa Kilichochelewa

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu, mwanafunzi Charley Kline aliketi mbele ya kompyuta kubwa ya SDS Sigma 7 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, simu ikiwa sikioni. Upande wa pili wa simu, zaidi ya kilomita 500 kaskazini, alikuwako Bill Duvall katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford mjini Menlo Park, naye akiiangalia kompyuta ya SDS 940. Kline akabonyeza herufi L na kuuliza kama imefika. Imefika. Akabonyeza O. Nayo imefika. Akabonyeza G, na mfumo wa Menlo Park ukakwama palepale.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya ujumbe wa kwanza wa intaneti, lakini Kline hakuwa akimtumia mtu ujumbe. Neno alilokuwa akiliandika lilikuwa LOGIN, amri ya kuomba kuingia. Alitaka kuitumia kompyuta ya Menlo Park kana kwamba amekaa mbele yake, hali yuko Los Angeles. Kiasi cha saa moja baadaye hitilafu ikarekebishwa, naye akaingia. Barua pepe kati ya kompyuta na kompyuta zilikuja mwaka 1971, na tovuti zikangoja karibu miaka ishirini zaidi. Kazi ya kwanza kabisa iliyofanywa na ARPANET, mtandao uliounganisha kompyuta hizo mbili, ndiyo ile ile anayoifanya leo fundi wa Dodoma au Nairobi anapofungua seva iliyoko Frankfurt: kuingia kutoka mbali.

Jambo hili lina uzito katika historia ninayoisimulia. Mlango ulijengwa siku ya kwanza. Kitasa hakikuwamo, na karibu kila sehemu yake iliyoongezwa baadaye ililetwa na watu waliokwisha kuibiwa.

Itifaki iliyozaliwa na kazi ile iliitwa Telnet. Ilianza kubuniwa mwaka huohuo wa 1969, na Mei 1983 Jon Postel na Joyce Reynolds wakaiandikia kanuni zilizodumu. Ilikuwa nyepesi: unachobonyeza huku kinafika kule, kinachojibiwa kule kinaonekana huku. Kila herufi ilisafiri wazi, herufi za nywila zikiwemo. Sioni haki kuwaita wabunifu wake wazembe. Mwisho wa mwaka 1969 mtandao wote ulikuwa na vituo vinne, Los Angeles, Menlo Park, Santa Barbara na Utah, na gharama zikilipwa na wakala mmoja wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Waliokuwa wakiutumia walifahamiana kwa majina. Shida yao ilikuwa kuzifanya kompyuta za makampuni tofauti zielewane, na shida hiyo waliitatua.

Kuaminiana huko kulizidi badala ya kupungua. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix lenye amri ya rlogin, iliyoiwezesha kompyuta moja kuambiwa iiamini nyingine, ili mtumiaji akitoka kule asiulizwe nywila huku. Wafanyakazi waliifurahia sana. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe. Ilipenya kwenye kasoro za huduma ya barua pepe na ya finger, ikakisia nywila nyepesi, kisha ikapita kwenye njia zile za kuaminiana bila kuulizwa na yeyote. Ilikadiriwa kuwa kompyuta 6,000 ziliambukizwa. Morris alihukumiwa uangalizi wa mahakama wa miaka 3, saa 400 za kuitumikia jamii na faini ya dola 10,050.

Mnyoo wa Morris ulikuwa na kelele, na kwa hiyo kila mtu aliujua. Wizi uliofuata ulikuwa wa kimya. Mitandao ya ofisi na vyuo ya miaka ile ilitumia waya mmoja wa Etheneti kwa kompyuta nyingi, na pakiti iliyokusudiwa kompyuta moja ilipita mbele ya zote. Kompyuta yenye adabu iliziacha pakiti zisizo zake. Iliyotekwa na mdukuzi iliambiwa isiache kitu: isikilize kila kinachopita, ihifadhi herufi za mwanzo za kila mtu anayeingia mahali, na humo ndimo yalimokuwa majina na nywila. Februari 1994 kituo cha CERT cha Pittsburgh kilitoa tahadhari kwamba wadukuzi walikuwa wamekwisha kunasa siri za kuingilia katika makumi ya maelfu ya mifumo kwenye intaneti. Ushauri wake wa haraka ulikuwa watu wabadilishe nywila. Lakini nywila mpya ingepita kwenye waya uleule, mbele ya sikio lilelile.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Finland. Katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki iligunduliwa programu ya kunasa nywila, imepandikizwa kwenye seva iliyounganishwa na mkondo mkuu wa mtandao wa chuo. Ndani yake mlikutwa maelfu ya majina ya watumiaji na nywila zao. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho aliyekuwa pia na kampuni ndogo, aliona nywila za kampuni yake zimo katika orodha. Akaanza kusoma vitabu vya usimbaji na kuandika programu.

Hesabu alizozihitaji zilikuwapo tayari. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walikuwa wameonyesha kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kukubaliana siri mbele ya msikilizaji, na yeye asiipate. Mwaka mmoja baadaye Rivest, Shamir na Adleman wakavumbua RSA, njia ya kuwa na funguo mbili zinazokwenda pamoja, mmoja unautangaza na mwingine unaubania. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaweka maarifa hayo mahali fundi wa kawaida anapoyafikia, bila kumlazimisha awe mwanahisabati. Hapo ndipo naiona thamani ya kazi ya Ylönen. Aliichukua amri ya kuingia kutoka mbali ambayo mafundi walikuwa wameizoea, akaacha namna ya kuitumia ibaki karibu ileile, na chini yake akabadilisha kila kitu.

Programu hiyo, SSH, hufanya mambo matatu kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio siri ya nguvu yake. Kwanza seva hujithibitisha kwa ufunguo wake, ili usije ukampa siri zako tapeli aliyejifanya seva. Pili, pande mbili hukubaliana ufunguo wa kikao, na kuanzia hapo kila kinachopita kimesimbwa. Tatu, na baada ya hayo tu, mtumiaji naye hujithibitisha. Anaweza kutumia nywila, lakini njia iliyo bora ni ufunguo wake mwenyewe: nusu ya wazi inawekwa kwenye seva, nusu ya siri haitoki katika kompyuta yake. Seva humpa mtihani ambao mwenye nusu ya siri peke yake ndiye anayeweza kuujibu. Hakuna nywila iliyosafiri. Anayesikiliza waya anaambulia vurugu ya namba.

Kabla ya kuitoa, Ylönen alihitaji namba ya poti, yaani namba ya mlango ambao huduma husikilizia kwenye kompyuta. Telnet ilikuwa na 23 na FTP, itifaki ya kuhamisha faili, ilikuwa na 21. Namba 22 ilikuwa wazi katikati ya itifaki mbili alizokusudia kuzistaafisha. Tarehe 10 Julai 1995 aliwaandikia barua pepe fupi wasimamizi wa namba za intaneti akiiomba, na siku iliyofuata akajibiwa kwamba amepewa. Aliyemjibu ni Joyce Reynolds, yule yule aliyeshiriki kuandika kanuni za Telnet miaka 12 kabla.

SSH ilitoka Julai hiyohiyo, bure, pamoja na msimbo chanzo wake. Mwisho wa mwaka ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50, na Ylönen alikuwa akipokea barua pepe 150 kwa siku za watu walioomba msaada. Desemba akaanzisha kampuni ya kuibeba kazi hiyo.

Kwamba mambo haya yalitokea Finland halikuwa jambo la bahati tu. Marekani ilikuwa ikiuhesabu usimbaji wenye nguvu kuwa sehemu ya silaha, na kuutoa nje ya nchi bila kibali lilikuwa kosa. Phil Zimmermann, aliyeandika programu ya usimbaji ya PGP mwaka 1991, alichunguzwa kwa makosa ya jinai tangu 1993 hadi Januari 1996 kwa sababu programu yake ilivuka mipaka, hatimaye hakushtakiwa. Finland haikuwa na kizuizi cha namna hiyo. Sheria za Marekani ziliathiri pia hatua iliyofuata. Leseni za SSH zilipoanza kubana, Msweden Björn Grönvall alirudi kwenye toleo la zamani, 1.2.12, ambalo leseni yake ilikuwa bado huria, akalirekebisha. Watu wa mradi wa OpenBSD, ulioongozwa na Theo de Raadt kutoka Calgary, Canada, wakalipokea, wakalipekua mstari kwa mstari, na sehemu za usimbaji wakaziandika nje ya Marekani ili sheria zile zisiwaguse. OpenSSH ilitoka pamoja na OpenBSD 2.6 tarehe 1 Desemba 1999. Leo imo karibu katika kila seva ya Linux.

Hadi hapa nimezungumzia maandishi tu, herufi zinazokwenda na kurudi. Wako wengi waliotaka zaidi ya hayo: eneokazi zima la kompyuta ya mbali, madirisha yake, faili zake, kishale cha kipanya kikitembea.

MIT ilikuwa imetangulia mwaka 1984 kwa mfumo wa X Window, uliowezesha dirisha la programu inayoendeshwa kwenye kompyuta moja kuonekana kwenye skrini ya nyingine. Lakini suluhisho lililo rahisi kuliko yote lilitoka Cambridge, Uingereza, katika maabara ya utafiti ya Olivetti. Tristan Richardson, Quentin Stafford-Fraser, Kenneth Wood na Andy Hopper walilieleza mwaka 1998 chini ya jina la VNC. Wazo lao lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza. Seva inaiambia kompyuta yako: chukua mstatili huu wa nukta, uweke mahali hapa kwenye skrini. Kompyuta yako inaijibu kwa vitu viwili tu, kitufe kilichobonyezwa na mahali kipanya kilipo. Seva haijali unatumia Windows, Unix au Macintosh. Na kwa kuwa eneokazi linaishi kwenye seva, ungeweza kuondoka ofisini katikati ya sentensi, ukafika nyumbani, na kukikuta kishale palepale ulipokiacha.

Kitasa chake kilikuwa dhaifu. VNC ilijali herufi 8 tu za nywila, na ingawa nywila yenyewe haikutumwa wazi, kila kilichofuata baada ya kuingia kilikuwa wazi: picha ya skrini yako, na kila kitufe ulichobonyeza, pamoja na nywila za mambo mengine ulizoziandika ukiwa humo. Wabunifu walilijua hilo, nao walieleza waziwazi namna ya kuipitisha VNC ndani ya SSH.

Upande wa Windows biashara ndiyo iliyotangulia. Ed Iacobucci, aliyetoka IBM, alianzisha Citrix mwaka 1989, na kampuni hiyo ya Florida ikaifunza Windows NT kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja na eneokazi lake. Mwaka 1997 Microsoft ilinunua haki ya kutumia teknolojia hiyo, na mwaka 1998 ikatoa Windows NT 4.0 ya seva yenye itifaki yake ya RDP, katika poti 3389. Kuanzia Windows XP ya mwaka 2001, uwezo huo ukafika kwenye kompyuta za kawaida za ofisini. RDP ilisimba mawasiliano tangu mwanzo, jambo ambalo VNC haikulifanya, ila haikuhakikisha seva ni nani. Mwaka 2005 ilidhihirika kwamba ufunguo wa siri uliotumika kuthibitisha funguo za seva ulikuwa umewekwa ndani ya faili moja iliyomo katika kila nakala ya Windows. Aliyeujua angeweza kujifanya seva yoyote.

Basi mafundi wa seva wakajifunza kuoanisha kazi ya Cambridge na ya Helsinki. Ylönen alikuwa ameiwekea SSH uwezo ambao wengi hawakuutilia maanani mwanzoni: kubeba mawasiliano ya programu nyingine ndani yake, kutoka poti ya kompyuta yako hadi poti ya seva. Mafundi huiita njia hiyo handaki.

Nataka kulikalia jambo hili kidogo, kwa sababu ndilo kiini cha ufundi wote. Mtu asiyejua huweka VNC kwenye seva, akafungua poti 5901 kwenye faiawoli, akaweka nywila ngumu na kujiona amemaliza. Amewaonyesha walimwengu mlango mpya. Anayejua huiagiza VNC isikilize kwenye anwani ya 127.0.0.1 peke yake, anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe. Seva sasa ina eneokazi, lakini kutoka nje poti ile haifikiki. Anayepiga hodi hapati hata jibu. Faiawoli inaacha poti moja tu, ya SSH. Kisha fundi, kutoka kwenye kompyuta yake, anaingia kwa SSH na kuomba poti 5901 ya kwake iunganishwe na 5901 ya seva. Programu yake ya VNC anaielekeza kwenye kompyuta yake mwenyewe, na picha za eneokazi la mbali zinamjia zikiwa zimesimbwa. Njia hiyohiyo hufaa kwa RDP, na kwa xrdp inayowapa watumiaji wa Linux eneokazi kwa itifaki ya Microsoft.

Yamebaki machache, na hayavumilii uvivu. Kuingia kwa nywila kunazimwa kabisa, zikabaki funguo. Mtumiaji mkuu, root, haruhusiwi kuingia moja kwa moja. Ufunguo wa siri wenyewe unafungwa kwa kirai cha siri, ili aliyeiba kompyuta ya fundi asiwe ameiba na seva. Na siku ya kwanza, SSH inapoonyesha alama ya ufunguo wa seva na kuuliza kama unaitambua, jibu la kweli hupatikana kwa kuilinganisha na alama iliyochukuliwa kwenye seva yenyewe. Wengi hujibu ndiyo bila kuitazama. Hapo ndipo hatua ya kwanza kati ya zile tatu za Ylönen inapotupwa.

Funguo nazo zilipata aibu yao. Mei 2008 ilitangazwa kwamba rekebisho dogo lililofanywa mwaka 2006 katika maktaba ya usimbaji ya OpenSSL ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, lilikuwa limeondoa karibu ubahatishaji wote unaotumika kuzalisha funguo. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulibaki uwezekano 32,767 tu, idadi ambayo kompyuta ya mezani huimaliza kuijaribu upesi. Luciano Bello ndiye aliyeligundua. Funguo za karibu miaka miwili zikalazimika kutupwa, za Debian na za Ubuntu pia.

Katika pwani yetu historia hii ilikuwa na kikwazo chake. Hadi katikati ya 2009 Tanzania na Kenya hazikuwa na mkongo wa baharini. Mawasiliano ya nje yalitegemea satelaiti zilizoko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu lake vilipanda na kushuka mara mbili, na kwa kasi ya mwanga peke yake hiyo ni karibu nusu sekunde kabla ya kuhesabu mitambo. Kwa barua pepe si kitu. Kwa eneokazi la mbali ni mateso: unasogeza kipanya, unangoja, kishale kinaruka, umekwisha kubonyeza mahali pengine. Fundi aliyetunza seva ya ng'ambo alibaki na maandishi ya SSH, akiandika amri nzima kwa upofu kabla ya kuiona. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na India pamoja na Ulaya. TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah, ulikuja mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Sasa eneokazi la seva ya Ulaya liliweza kutumika Dar es Salaam kwa kazi ya siku nzima. Tegemeo hilo lina bei yake: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, Tanzania ikiwa kati ya nchi zilizoumia zaidi, hakuna ufunguo uliosaidia kuifikia seva ambayo njia yake haipo.

Muda mfupi baada ya mikongo hiyo kufika, upande wa RDP uliingia katika miaka yake mibaya. Agosti 2011 mnyoo ulioitwa Morto ulizunguka ukigonga poti 3389 na kujaribu nywila za namna ya "admin" na "123456", na kwingi ulifunguliwa. Tangu 2016 kundi lililotumia programu ya utekaji data ya SamSam lilifanya vivyo hivyo kwa subira zaidi: lilikisia nywila za RDP au kununua zilizoibwa, likaingia, likaupeleleza mtandao, kisha likasimba faili zote kwa mkupuo na kudai fidia. Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema waathirika walizidi 200, hospitali na miji ikiwemo, na hasara ilizidi dola milioni 30. Machi 2018 jiji la Atlanta lilipigwa. Wakazi wakashindwa kulipia maji kwa mtandao na wafanyakazi wakaambiwa wasiwashe kompyuta zao. Inaniuma kuona kwamba usimbaji, uliokuwa kinga ya fundi wa Helsinki, ndio uliogeuzwa silaha dhidi ya hospitali.

Kisha tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitoa rekebisho la kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, iliyomruhusu mshambulizi kuitawala kompyuta kupitia RDP kabla ya kuulizwa nywila yoyote. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba hata Windows XP, iliyokwisha kuachwa miaka mitano nyuma, ilipewa rekebisho. Wiki mbili baadaye mtafiti Robert Graham aliupekua mtandao na kukuta kompyuta kama 950,000 bado ziko wazi. Nywila ngumu isingesaidia hata moja kati ya hizo. Zilizokuwa nyuma ya handaki hazikuonekana kabisa.

SSH nayo ilijaribiwa, na kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akipima programu ya hifadhidata, aliona kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya Debian ya majaribio kunachelewa kwa nusu sekunde hivi na kunakula nguvu ya kompyuta kupita kiasi. Wengi tungeipuuza nusu sekunde. Freund aliifuata hadi kwenye maktaba ya kubana faili iitwayo xz, ambayo OpenSSH yenyewe haiitumii, ila baadhi ya matoleo ya Linux yalikuwa yameiunganisha nayo kwa kupitia systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ili kujulisha kwamba huduma imewaka. Mtu aliyejiita Jia Tan, aliyeanza kuchangia mwaka 2021 na kujipatia imani ya mtunzaji wake aliyeelemewa na kazi, alikuwa ameficha humo njia ya kuingilia kwa mwenye ufunguo mmoja maalumu. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, Freund akaitangaza. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa bado hayajafika kwenye seva nyingi za kazi. Julai mwaka huo OpenSSH 9.8 ikaja na msimbo wake wenyewe wa kuijulisha systemd, ili pasiwepo tena haja ya kuazima maktaba hiyo.

Kazi ya mwisho ya kutaja haikuletwa na hasara yoyote. Hesabu zilizotumika kwa miaka yote hiyo kukubaliana ufunguo wa kikao zingeweza kufumbuliwa na kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha. Kompyuta hiyo haijajengwa, lakini anayenasa pakiti leo anaweza kuzihifadhi na kuingoja. Kwa hiyo Aprili 2022 toleo la OpenSSH 9.0 lilianza kutumia, bila mtumiaji kuagiza, hesabu ya zamani iliyounganishwa na mpya ya NTRU Prime, ili ya kwanza ikivunjwa ya pili isimame. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipitisha hesabu nyingine, ML-KEM, na Aprili 2025 OpenSSH 10.0 ikahamia huko. Fundi anayesasisha seva yake na kompyuta yake hana cha kuongeza. Kila anapoingia, ufunguo wa kikao chake hupatikana kwa njia hiyo mpya, na safari hii mwizi aliyekusudiwa bado hajapata chombo cha kuibia.